Mjengo wa Ruai: shajara ya kungoja na kuanza

Jumamosi, 2 Septemba 2023

Leo tumetia sahihi. Ploti ni ya futi 50 kwa 100, iko Ruai, mashariki mwa Nairobi, upande wa ndani kutoka Barabara ya Kangundo, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka stejini. Bei ni milioni 2.6. Tumelipa asilimia 10, yaani 260,000, kupitia kwa mawakili, na salio tutalipa uhamisho ukikamilika. Mkataba unatupa siku 90. Mimi na kaka tunanunua kwa majina yetu mawili, kwa pesa zilizobaki baada ya shamba la marehemu baba kuuzwa. Wifi, mke wa kaka, ndiye atakayeshika daftari. Ameweka hazina ya chama chao cha akina mama miaka minane na sijawahi kusikia amekosea hata shilingi hamsini.

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja. Nyumba ikishasimama, watu hukumbuka bei ya mawe na bei ya simiti. Siku hawazikumbuki. Mimi nataka siku ziandikwe: zile tulizongoja, zile tulizoharakisha, na kila moja ilitugharimu kiasi gani.

Mpango ni nyumba nne za chumba kimoja na sebule chini, nne juu yake, na nne nyingine huko juu kabisa Mungu akijalia.

Jumamosi, 21 Oktoba 2023

Nimechukua mkopo wa sacco, milioni 1.8 kwa miezi 48, riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Mshahara utaanza kukatwa 47,400 mwisho wa Novemba.

Kaka aliniuliza mbona sasa, ilhali hati bado haijatoka. Nilimjibu kwamba mdhamini wangu mmoja, mwalimu mwenzangu, anastaafu Desemba, na akishatoka nitahangaika kumpata mwingine. Tena nataka pesa ziwe tayari ili vuli ikikatika tuchimbe msingi Januari, ardhi ikiwa kavu. Sababu zote mbili naziona zina uzito.

Jumamosi, 2 Desemba 2023

Siku 90 zimeisha na uhamisho haujafanyika.

Muuzaji ni mzee mwenye adabu zake, alinunua ploti hii zamani kwa pesa kidogo sana. Alikuwa amepiga hesabu ya kodi ya faida ya mtaji, ile anayolipa muuzaji kwa faida aliyopata, kwa asilimia 5. Hiyo 5 iliisha mwaka 2022. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15, na bila thibitisho la kuilipa hakuna uhamisho unaosajiliwa. Tulipoketi naye kwa wakili alishika kofia yake mapajani akasema, "Wanangu, pesa za kulipa kodi ndizo hizo mtakazonipa. Sina nyingine."

Wakili alitueleza njia mbili. Ya kwanza, tumpe mzee ilani, na akishindwa kukamilisha tudai amana yetu na kuondoka. Ya pili, sehemu ya salio letu ilipe kodi moja kwa moja, mawakili wa pande zote wakipeana ahadi ya maandishi kwamba pesa hizo hazitaguswa kwa jambo lingine lolote.

Kaka alitaka ilani. Alikasirika, na haki alikuwa nayo. Lakini upekuzi wa hati ulikuwa safi, mipaka ilikuwa imepimwa na vigingi vipo. Tukiondoka hapa tunaanza tena kutafuta ploti, kupekua, kuandika mkataba, kungoja siku nyingine 90, na bei huenda ikawa nyingine. Mzee alikuwa amekwama kwa kitu chenye kiasi kinachojulikana na tarehe inayoweza kuandikwa. Kukwama kwa namna hiyo kunavumilika. Angekuwa amekwama kwa sababu ndugu zake wana kesi juu ya ploti, ningekuwa wa kwanza kuinuka kitini.

Tumechukua njia ya pili. Mshahara wangu umeshakatwa mara moja.

Ijumaa, 19 Januari 2024

Hati imesajiliwa. Ushuru wa stempu ulikuwa asilimia 4 kwa kuwa tuko ndani ya jiji: 104,000. Tangu Aprili 2021 shughuli za ardhi za Nairobi zinapitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali wa mtandaoni, na kila anayehusika lazima awe na akaunti yake humo. Mzee alifunguliwa yake na mjukuu wake, ukumbini, huku sote tumeinamia simu moja.

Ramani tumezipeleka kuombewa kibali leo hii hii. Ombi linataka hati na upekuzi mpya, kwa hiyo hatukuwa na namna ya kulitanguliza.

Jumamosi, 10 Februari 2024

Jumanne Benki Kuu imepandisha riba yake ya msingi kutoka 12.5 hadi 13. Benki iliyokuwa tayari kutupa mkopo wa ghorofa ya kwanza inataka sasa asilimia 18.5. Tumeiweka barua yao kwenye faili. Ghorofa ya chini itajengwa kwa mkopo wangu wa sacco, akiba ya kaka na mgao wa wifi kutoka chamani.

Kaka alitaka pia tununue nondo zote mwezi uliopita, dola ilipokuwa karibu shilingi 160, akihofia itazidi kupanda. Tulikosa mahali pa kuzihifadhi, basi tukaacha.

Jumamosi, 16 Machi 2024

Kibali kimetoka Alhamisi. Mradi umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, bango limechorwa. Dola imeshuka chini ya shilingi 140, na leo kwenye duka la vifaa tumepewa nondo za D12, zenye unene wa milimita 12, kwa bei nafuu kuliko ile ya Januari. Tumenunua zote za msingi pamoja na mifuko 40 ya simiti kwa 780 kila mmoja.

Swali lililobaki: tuchimbe sasa au tungoje?

Fundi mkuu alikuja akashika bonge la udongo, akalivunja kwa vidole akaniwekea nusu mkononi. Udongo wa Ruai ni ule mweusi. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza kiganja, ukilowa huvimba na kunata kwenye kiatu hadi mguu unakuwa mzito. Msingi haukai juu yake. Sharti uondolewe wote mpaka ufike kwenye mwamba, na hapa mwamba uko futi tano chini. "Mwalimu," akasema, "huu udongo si wa kuchezea. Mvua ikinikuta nimefungua shimo sijafunga, tutalia. Nipe jibu wiki hii, au nipe jibu Juni."

Wifi alinyamaza. Kaka alisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilitazama karatasi ya mshahara: nimeshakatwa mara nne, jumla 189,600, na ndani yake riba pekee ni zaidi ya 70,000. Hakuna jiwe hata moja chini. Nilisema tuchimbe.

Nataka ieleweke nilichokuwa nawaza, kwa sababu wengi watajikuta hapo nilipokuwa. Sikuwaza mvua. Niliwaza makato. Mkopo ule ulikuwa unanisukuma mgongoni kila mwisho wa mwezi, nikaufuata.

Jumamosi, 27 Aprili 2024

Nimetoka ploti sasa hivi na nguo hazijakauka.

Mtaro wa msingi umejaa maji hadi futi moja kutoka ukingoni. Rangi yake ni ya chai iliyokolea maziwa. Upande wa mashariki ukuta wa udongo umeporomoka ndani kwa urefu wa hatua tisa, nikazihesabu. Vyura walikuwa wakilia mchana kweupe. Fundi alichukua mti mrefu akauzamisha kutafuta sakafu ya mwamba tuliyoilipia, ukashuka, ukagota kwenye matope laini yaliyoteremka na maji. Alipoutoa, futi mbili za mwisho zilikuwa nyeusi. Hakusema neno. Aliufuta kwa majani akauegemeza kwenye mabati ya stoo.

Humo stooni simiti imeingiwa na unyevu. Mifuko iliyokuwa chini ukiigonga inalia kama jiwe. Simiti hata ikikaa pakavu hupungua nguvu ikizidi kama miezi mitatu. Kwenye mvua kama hii wiki sita zilitosha. Mifuko yote 40 haifai kwa msingi wa ghorofa. Nondo ziko salama, zimeshika kutu ya juu tu ambayo brashi ya waya itaiondoa.

Naandika haya nikijua kwamba Mathare watu wamepoteza nyumba na wengine wamepoteza maisha kwa mvua hizi hizi. Hasara yangu ni shimo. Lakini ni shimo nililoliamuru mimi.

Wifi ameandika daftarini: pampu ya kukodi siku nane kwa 3,500, jumla 28,000. Kuchimba upya na kutoa matope, 46,000. Simiti, 31,200. Jumla 105,200. Riba yote niliyokuwa nimeilipia bure hadi Machi ilikuwa elfu 70 na kidogo. Nilikimbia hasara ya 70 nikaangukia ya 105, na bado tutangoja hadi Juni kama alivyosema fundi tangu mwanzo.

Jambo hili nimelilaza na kuliamsha akilini wiki nzima. Hati ilichelewa, sawa. Kodi ya mzee, sawa. Hayo hayakutudhuru sana. Kilichotudhuru ni kwamba nilianza kulipia pesa kabla ya kitu cha kuzitumia kuwepo. Mkopo huanza kula siku unapoingia kwenye akaunti, haungoji siku ya msingi. Laiti ningeingia Machi bila mkopo, ningemwambia fundi "Juni" na kurudi zangu nyumbani kusahihisha madaftari. Kungoja kungekuwa bure. Mkopo ndio ulioifanya subira iwe ghali, na ughali wake ukaniharibia uamuzi.

Yule mdhamini aliyekuwa anastaafu? Mwezi uliopita nilimsaidia jirani yangu wa ofisini na fomu zake za mkopo, na mdhamini tulimpata kwa siku tatu tu.

Jumatatu, 24 Juni 2024

Msingi umefungwa tangu tarehe 12. Kuta za chini ya ardhi zimepanda, mawe na marram yamejazwa na kushindiliwa, wavu umetandazwa, mhandisi amekagua na kutia sahihi. Zege la sakafu lilipangwa kumwagwa kesho Jumanne. Watu 22, mashine ya kuchanganyia, malori mawili ya kokoto na moja la mchanga.

Jioni hii nimeahirisha.

Kesho kuna maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na ya wiki iliyopita yalikuwa makubwa. Nilimpigia fundi. Alisema vijana wake wengine hutoka Kayole na Dandora, wengine mbali zaidi, hajui nani atafika. Zege haligawanywi siku mbili unavyotaka. Ukimwaga nusu ukasimama, ile nusu inakaza, na ya kesho yake haishikani nayo vizuri; mahali hapo patakuwa mshono dhaifu maisha yote ya nyumba. Kuahirisha kunanigharimu 6,000 za mashine na lawama za mwenye lori.

Safari hii hakuna kitu kinachonisukuma. Pesa za kazi hii ziko, hazikukopwa jana, simiti itanunuliwa asubuhi ya kazi yenyewe. Uamuzi ulichukua simu mbili.

Jumapili, 30 Juni 2024

Tulimwaga jana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, bila kusimama. Jumanne ile wasingefika hata nusu. Watu walikufa mjini siku hiyo, na ploti yetu ilikuwa kimya, imefunikwa turubai. Alhamisi nayo barabara hazikuwa za kuaminika.

Zege limefunikwa magunia na linamwagiliwa maji asubuhi na jioni. Mlinzi amepewa kazi hiyo siku saba na nitakuwa napita baada ya vipindi.

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Slabu ya kwanza ya juu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya kwanza, ilimwagwa Jumamosi iliyopita. Tumebishana na fundi kuhusu miti inayoishikilia. Mbao na miti ni ya kukodi, kila siku inahesabiwa, na yeye anaitaka mjengo mwingine Njiru. Alipendekeza siku kumi na mbili. Mhandisi alisema 21. Zege hupimwa nguvu yake kamili siku ya 28, na siku ya kumi na mbili halijafika, hata likigongwa linasikika gumu.

Tumelipia siku 21. Kuna kuchelewa ambako ni sehemu ya kazi yenyewe, na mtu anayetaka kukupunguzia siku hizo anakuuzia ufa.

Jumamosi, 23 Novemba 2024

Kikao kirefu leo kwa kaka, tukila chapati na ndengu, daftari katikati ya meza. Ghorofa ya chini inapigwa plasta. Swali ni ya juu: tuchukue mkopo wa benki sasa, au tungoje riba ishuke?

Benki Kuu ilianza kushusha Agosti, ikafika 12.75, kisha 12 mwezi wa Oktoba. Benki yetu inasema sasa 17.9. Tunahitaji milioni 3.

Kaka alianza. Nyumba nne za juu zikipangishwa kwa 11,500 kila moja ni 46,000 kwa mwezi. "Kila mwezi tunaokaa hapa kubishana tunatupa 46,000 jaani."

Nami nilikuwa na hesabu yangu: tukingoja hadi riba ifike labda 15, malipo ya mwezi yatapungua kwa shilingi elfu nne na kitu, kwa miaka saba.

Wifi alitusikiliza hadi mwisho, akageuza daftari upande wake. "Nyote mmehesabu nusu," akasema. Nakili yake hii hapa, naiandika kama alivyoiandika:

Kodi 46,000. Toa kodi ya serikali ya mapato ya nyumba, asilimia 7.5 tangu Januari mwaka huu, 3,450. Inabaki 42,550. Riba ya milioni 3 kwa 17.9, mwezi wa kwanza, 44,750.

Akaweka kalamu. "Tukijenga leo, nyumba za juu zinakusanya 42,550 na riba peke yake inachukua 44,750. Kwa hiyo kaka yako hapotezi chochote kwa kungoja, kwa sababu kodi asiyoipata ni ndogo kuliko riba asiyoilipa. Na wewe wifi, usiniambie labda 15 labda 14. Niambie namba ambayo tukifika tunaanza."

Tulitafuta namba hiyo. 42,550 mara miezi 12 ni 510,600. Gawanya kwa milioni 3: ni asilimia 17 na chembe. Juu ya 17 ghorofa inakula kuliko inavyozaa tangu siku ya kwanza. Chini ya 17 inaanza kujilisha riba yake. Mtaji wenyewe tutaurudisha kwa kuongezea kutoka mifukoni mwetu, hilo tulijua.

Mwaka mzima mimi na kaka tumekuwa tukibishana kwa moyo: yeye hapendi kukaa, mimi naogopa kuungua tena. Namba moja ilimaliza mabishano ambayo sauti zetu zisingeyamaliza. Tena riba ya mkopo huu inapanda na kushuka kufuatana na soko, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja ifike chini kabisa. Ikiendelea kushuka tukiwa ndani, nasi tutashuka nayo. Na ikipanda? Wifi ameandika hilo pia: ikifika 19 kila mmoja wetu ataongeza 2,500 kwa mwezi, tunaweza.

Tumekubaliana mambo mawili pamoja na hiyo 17. Mkopo utatolewa mafungu matatu ya milioni moja, kila fungu baada ya ukaguzi, na fungu la kwanza halitaombwa hadi mawe yawe yamelipiwa oda na fundi yuko tayari kuanza wiki hiyo hiyo. La pili, slabu ya juu imwagwe kabla ya katikati ya Machi, au isimwagwe hadi Juni.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nyumba nne zimekamilika, rangi imekauka, sinki hazivuji. Na hakuna umeme.

Kosa ni letu. Tuliomba mita tukiwa tumeshapaka rangi, na cheti cha nyaya tulichoambatisha kimekataliwa kwa sababu fundi wa stima tuliyemwita hana leseni. Kazi yake ni nzuri, nimeikagua nyumba kwa nyumba, lakini leseni hana. Ametafutwa mwingine, akapima upya kila kitu, akaandika cheti. Januari ndio mwezi watu wengi huhamahama, na nimewaonyesha nyumba watu sita kwa tochi ya simu. Dada mmoja aliingia jikoni, akafungua bomba, akafunga, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, stima ni lini?" Sikutaka kumpa tarehe nisiyoijua. Nilimwambia nitampigia ikishawaka.

Ombi la mita lilipaswa kwenda Septemba, tulipokuwa tunangoja slabu ikauke. Siku zile 21 tulizilipia miti na hatukuzitumia kwa lolote.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Umeme uliwaka Jumatatu ya wiki jana. Nilimpigia yule dada kabla ya mtu mwingine yeyote. Amehamia na watoto wawili na friji. Nyumba tatu zimejaa, ya nne ina mtu wa mwisho wa mwezi.

Jumatano Benki Kuu imeshusha hadi 10.75. Barua mpya ya benki ilikuwa imeshatufikia: 16.8. Riba ya mwezi kwa milioni 3 ingekuwa 42,000. Wifi alinitumia ujumbe wenye neno moja, "Sasa." Mawe yamefika jana kutoka Ndarugo, malori matano. Fungu la kwanza limeombwa leo.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Slabu ya juu imemwagwa Jumatano. Usiku wa Alhamisi ikanyesha. Mvua ya kwanza kwenye zege la siku moja lililokwisha kukaza ni baraka, mlinzi hakumwagilia. Fungu la pili limeingia, nalo lina kazi inayolingoja.

Wapangaji wa chini wamevumilia vumbi na kelele. Tuliwapunguzia 1,000 kila mmoja kwa miezi mitatu, na tulikuwa tumewaambia kabla hawajalipa amana.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nyumba za juu zilifunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, mita zikiwa ukutani tayari. Tatu zina watu. Kodi ya serikali nalipa kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, jambo la dakika kumi kwenye simu. Riba ya mkopo imeteremka kidogo, Benki Kuu ilifika 9.75 mwezi Juni, na pengo tunalojaza kutoka mifukoni ni shilingi elfu ishirini na kitu kwa mwezi, sote watatu. Makato yangu ya sacco yataisha Oktoba 2027.

Leo nilipanda juu na fundi. Nondo za nguzo zimesimama pale juu kama mabua baada ya mavuno, futi tatu kila moja, zikingoja ghorofa ya pili. Alikuwa amekoroga simiti na maji kwenye ndoo, uji mwepesi, akanipa brashi moja naye akashika moja. Tulizipaka kutoka chini hadi ncha ili zisiliwe na kutu. Kutoka pale unaona mabati ya Ruai yote, na mijengo mingine yenye nondo kama hizi zetu, nyingine zimepakwa, nyingine zimeachwa zimekuwa nyekundu.

"Lini, Mwalimu?" aliniuliza.

Nilimwambia wifi bado hajanipa namba. Oktoba kuna vuli. Mkopo mpya hatujaomba na hatutauomba mwaka huu.

"Basi Januari mniite nije tupige hesabu," akasema, akachovya brashi, akahamia nguzo ya mwisho.